Ukingo wa Mstari: Historia ya Usomaji wa Namba na Maneno kwa Pamoja, kutoka Daftari la Mazao la Ngana hadi Konsoli ya Java

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya tatizo linalojulikana sana katika ufundishaji wa programu: kusoma namba na maneno kwa zamu kutoka konsoli katika lugha ya Java. Kwa kawaida tatizo hilo huelezwa kuwa kosa la mwanafunzi anayeanza. Makala yanadai kuwa mizizi yake ni ya kihistoria. Dhana mbili za usomaji, yaani kusoma kwa mstari na kusoma kwa tokeni, ziliwekwa katika chombo kimoja baada ya mwisho wa mstari kuacha kuwa ukingo wa karatasi na kuwa herufi kama herufi nyingine. Kwa kutumia mfano wa daftari la mazao katika kata ya Ngana, wilayani Kyela, makala yanaonyesha kwamba mstari ndio kipimo cha ushahidi katika kumbukumbu za watu, na kwamba programu inayouvunja mstari kabla ya kuusoma wote inaweza kumpokonya mtu haki yake bila kutoa onyo lolote.

1.0 Utangulizi

Kata ya Ngana iko wilayani Kyela, mkoani Mbeya, karibu na Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi. Kyela inafahamika kwa mpunga, michikichi na kakao. Kakao hasa ni zao linaloandikwa. Mkulima hufikisha mzigo wake kwenye chama cha msingi cha ushirika, mzigo hupimwa, na karani huandika. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi wa kisheria na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mkulima hukabidhi mazao ghalani kwanza na kulipwa baada ya mauzo. Katika kipindi cha kati ya kukabidhi na kulipwa, haki ya mkulima imo katika maandishi. Mzigo wake umeshachanganywa na mizigo ya wengine, na kilichobaki mkononi mwake ni karatasi inayosema jina fulani lilileta kilo fulani.

Mstari mmoja wa daftari la namna hiyo una mambo ya aina mbili. Kuna maneno: jina la mkulima, jina la kijiji, jina la zao. Kuna namba: kilo, bei, tarehe. Karani mwenye kalamu hana shida ya kuchanganya aina hizo mbili, kwa kuwa macho yake huona mstari mzima kwa pamoja. Kompyuta haioni mstari. Hupokea herufi moja baada ya nyingine na lazima ielezwe ni wapi namba inakoma na ni wapi jina linaanza. Swali la makala haya ni jinsi maelezo hayo yalivyobadilika kihistoria, na kwa nini mabadiliko hayo yamewaachia watumiaji wa Java hitilafu ambayo kila kizazi cha wanafunzi hukutana nayo upya.

Daftari la Ngana linalotumika humu ni mfano uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi, na majina yaliyomo ni ya mfano tu. Muundo wake, hata hivyo, ni ule ambao mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya mizani ataufahamu.

2.0 Namba na neno lake

Kabla ya kuijadili mashine, ni lazima kukumbuka kwamba namba katika kumbukumbu haijawahi kujitegemea. Historia ya eneo la kaskazini mwa Ziwa Nyasa inatoa mfano ulio wazi. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na utawala wa Kijerumani ukafuata na wilaya yake ya Langenburg. Kodi ya nyumba ilitangazwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897. Kodi ya namna hiyo haiwezi kukusanywa bila orodha inayounganisha mtu na kiasi.

Kiasi hicho kiliandikwa kwa rupia. Hadi mwaka 1904 rupia moja ya koloni hilo iligawanywa katika pesa 64. Kuanzia mwaka huo iligawanywa katika heller 100. Kwa hiyo maandishi ya “2 na 32” yalibeba thamani mbili tofauti. Kabla ya mageuzi yalimaanisha rupia mbili na nusu kamili, kwa kuwa pesa 32 ni nusu ya 64. Baada ya mageuzi yalimaanisha rupia mbili na chini kidogo ya theluthi moja. Tarakimu zilibaki zilezile, na neno lililozifuata ndilo lililoamua deni. Aliyenakili namba bila neno lake alinakili kitu kisichokuwa na maana.

Kiswahili chenyewe hushikilia uhusiano huo kwa namna yake. Msemaji hutaja kitu kwanza, kisha idadi: kilo arobaini na nane, shilingi elfu tano, gunia tatu, debe mbili na nusu, saa mbili asubuhi. Neno hutangulia na kuiandalia namba mahali pa kukaa. Katika “saa 2” ni neno linalofuata, yaani asubuhi au usiku, linalomaliza maana. Mpangilio huu ni wa kawaida kwa msikilizaji, lakini utaonekana baadaye kuwa ni kikwazo kwa programu iliyoandikwa kwa kutarajia namba ije kwanza.

3.0 Kadi na ukingo wake

Mashine za kwanza zilizosoma kumbukumbu za watu kwa wingi zilitumia kadi zenye matundu. Herman Hollerith alitumia kadi hizo katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na kufikia mwaka 1928 kampuni ya IBM ilikuwa imetoa kadi ya safu 80 iliyokuja kuwa kigezo. Kadi moja ilibeba kumbukumbu moja. Safu za mwanzo zingeweza kupewa jina, zinazofuata zikapewa kiasi, na mpangilio huo haukubadilika kutoka kadi hadi kadi.

Lugha za programu za kipindi hicho zilifuata tabia ya kadi. Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, ilimtaka mwandishi aeleze kila sehemu ya mstari ina upana wa safu ngapi na ni ya aina gani. COBOL, ambayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1960, ilitumia alama ya 9 kwa sehemu ya tarakimu na X kwa sehemu ya herufi yoyote. Katika mfumo huo hapakuwa na swali la kusoma namba halafu kuacha mabaki nyuma yake. Mashine ilivuta kadi nzima, na kadi ilikwisha pale karatasi ilipokwisha. Mwisho wa mstari ulikuwa ukingo, na ukingo hausomwi.

Tanzania iliingia katika historia hii mwaka 1965, pale kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilipofungwa Wizara ya Fedha. Kampuni ya ICT ya Uingereza ilikuwa imeundwa mwaka 1959 kwa kuunganisha kampuni mbili zilizoishi kwa biashara ya kadi za matundu, hivyo kompyuta hiyo ilikuja ikiwa na urithi wa kadi. Miaka miwili baadaye ilifanyika sensa ya mwaka 1967, iliyohesabu watu 12,313,469. Sensa za enzi hiyo duniani kote zilikabiliana na mchanganyiko wa namba na maneno kwa njia moja: maneno yaligeuzwa kuwa namba kabla ya kufika kwenye mashine. Kazi ya mtu ilipewa msimbo, na mkoa wake pia. Katika misimbo ya takwimu za Tanzania, Dodoma ni 01 na Mbeya ni 12.

Msimbo wa Dodoma unastahili kutazamwa kidogo. Kwa macho, 01 ni namba. Kwa kazi yake, ni jina fupi lililovaa tarakimu. Hakuna anayejumlisha Dodoma na Mbeya kupata 13. Programu ikiusoma msimbo huo kama namba kamili, sifuri hupotea na safu mbili huwa safu moja. Tofauti kati ya kiasi na jina lenye sura ya tarakimu ilikuwa wazi kwa mwandishi wa COBOL, ambaye alilazimika kuchagua kati ya 9 na X. Uchaguzi huo bado unahitajika leo, ingawa lugha za baadaye zimeufanya usionekane.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matatizo makubwa ya mfumo wa hesabu za Serikali uliokuwa umehamishiwa kwenye kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo Tanzania haikushuhudia kwa wingi kipindi ambacho kadi zilikuwa zikiipisha konsoli kwingineko duniani. Kizazi cha waandishi wa programu kilichofuata kilipokea konsoli ikiwa imekwisha kukamilika, pamoja na tabia zake ambazo chimbuko lake halikuonekana tena.

4.0 Mstari unapogeuka kuwa herufi

Konsoli haikutokana na kadi bali na mashine ya kuandikia kwa mbali, yaani teleprinta. Mashine hiyo haikuwa na kadi ya kuvuta. Ilikuwa na karatasi ndefu isiyokatika. Ili kuanza mstari mpya, ilihitaji kuambiwa mambo mawili: kirudishe kichwa cha kuandikia mwanzoni, na uisogeze karatasi juu. Amri hizo mbili zilitumwa kwa njia ileile iliyotuma herufi. Katika mfumo wa ASCII wa mwaka 1963 zilipewa nafasi ya 13 na ya 10, katika jedwali lilelile lenye A na B. Mfumo wa Unix ukachagua kutumia ile ya 10 peke yake, na Windows ikaendelea kutumia zote mbili.

Hapo ndipo historia ya tatizo inapopinda. Mwisho wa mstari ulioandikwa kama herufi unaweza kusomwa, kurukwa au kuachwa. Ukingo wa kadi haukuweza kubaki ndani ya mashine baada ya kadi kutoka, lakini herufi ya mwisho wa mstari inaweza kubaki katika bafa ikimsubiri msomaji anayefuata.

Lugha ya Pascal, iliyochapishwa na Niklaus Wirth mwaka 1970, ilionyesha kuitambua hali hiyo kwa kutoa amri mbili: read, inayosoma thamani na kusimama pale ilipokomea, na readln, inayosoma thamani kisha kuvuka hadi mstari unaofuata. Mwandishi alilazimika kuchagua kila mara. Lugha ya C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitoa scanf, ambayo husoma namba na kuiacha herufi ya mwisho wa mstari mahali pake. Wanafunzi wa C walikutana na hitilafu hii muda mrefu kabla Java haijazaliwa.

5.0 Java kati ya dhana mbili

Java ilipotolewa mwaka 1996 haikuwa na njia rahisi ya kusoma namba kutoka konsoli. Toleo la 1.1 la mwaka 1997 lilileta BufferedReader, ambayo humpa mwandishi mstari mzima kama maneno. Ikiwa mstari huo ni namba, mwandishi aliugeuza mwenyewe kwa Integer.parseInt. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na walimu waliilalamikia kwa kuwa mwanafunzi alipaswa kuandika mambo asiyoyaelewa kabla ya kuuliza umri wa mtu. Lakini ilikuwa na sifa moja: kila usomaji ulimaliza mstari mmoja, kama daftari.

Toleo la J2SE 5.0, lililotoka Septemba 2004, lilileta klasi ya Scanner. Klasi hiyo ilirahisisha mambo kwa kuweka dhana mbili chini ya jina moja. Methodi ya nextInt hufuata dhana ya tokeni: huruka nafasi tupu zinazotangulia, husoma tarakimu, kisha husimama mbele ya kitenganishi kinachofuata bila kukigusa. Methodi ya nextLine hufuata dhana ya mstari: hurudisha chochote kilichosalia katika mstari wa sasa na kuvuka mwisho wake. Kila moja inafanya kazi yake sawasawa. Mgongano hutokea zinapokutana.

Tuchukue programu ya mizani inayouliza mambo matatu kwa kila mkulima:

Scanner s = new Scanner(System.in);
System.out.print("Kilo: ");
int kilo = s.nextInt();
System.out.print("Jina: ");
String jina = s.nextLine();
System.out.print("Kijiji: ");
String kijiji = s.nextLine();

Karani anaandika 48 na kubonyeza kitufe cha Enter. Methodi ya nextInt inachukua 48 na kusimama. Herufi ya mwisho wa mstari imebaki. Programu inauliza jina, na nextLine inakuta kwamba kilichosalia katika mstari wa sasa ni utupu unaofuatwa na mwisho wa mstari. Inarudisha utupu huo kama jina, na hilo kwa mujibu wa kanuni zake ni jibu sahihi. Karani anaona maswali mawili yakijitokeza kwa mpigo, “Jina: Kijiji:”, bila kupewa nafasi ya kujibu la kwanza. Akiandika Ngana, kumbukumbu itakuwa na kilo 48 za kijiji cha Ngana zisizo na mwenyewe.

Hali huwa mbaya zaidi data zinapotoka kwenye faili badala ya kibodi, kwa kuwa hakuna jicho la karani. Mstari wa 48 unafuatwa na mstari wa Lusajo Ambakisye Mwakalinga, kisha mstari wa Ngana. Jina linabaki tupu, na Lusajo Ambakisye Mwakalinga anawekwa katika safu ya kijiji. Programu inaendelea bila kulalamika hadi duru inayofuata, ambapo nextInt inakutana na neno Ngana na kusimama kwa kosa la aina isiyolingana. Kosa hilo linaripotiwa kwenye mstari wa mkulima wa pili, ilhali aliyepoteza jina ni wa kwanza. Anayetafuta chanzo pale palipotajwa hatakipata.

Wengine hujaribu kulikwepa tatizo kwa kutumia next, inayosoma tokeni moja ya maneno, badala ya nextLine. Katika mazingira ya Tanzania jaribio hilo halifiki mbali. Fomu nyingi humtaka mtu aandike majina matatu. Methodi ya next itachukua Lusajo na kuliacha Ambakisye Mwakalinga nyuma. Kyela ina majina mengi ya ukoo yanayoanza na Mwa-, na majina ya kwanza hujirudia kutoka kaya hadi kaya. Lusajo peke yake hamtambulishi mtu yeyote ghalani.

6.0 Ingizo la Kiswahili mbele ya Scanner

Mfano uliotangulia ulichukulia kwamba karani ataandika tarakimu tupu. Maandishi ya kawaida ya Kiswahili hayako hivyo, na hapa kuna mambo manne yanayostahili kutenganishwa.

La kwanza ni mpangilio. Karani aliyezoea kuandika “kilo 48” akiandika hivyo mbele ya nextInt, programu itakutana na neno kabla ya namba na kutoa kosa. Zaidi ya hapo, Scanner haiivuki tokeni iliyoshindwa kuisoma. Programu iliyowekwa katika mzunguko wa kuuliza tena, bila kuliondoa neno hilo, itajikwaa kwenye “kilo” ileile bila kikomo.

La pili ni fedha. Katika Afrika Mashariki bei huandikwa kama 5,000/=, alama ambayo ni mabaki ya uandishi wa shilingi wa zama za ukoloni. Scanner inaweza kuikubali 5,000 mahali ambapo mkato hutenga maelfu, lakini inaikataa ikiwa na /= mwishoni. Integer.parseInt huzikataa zote mbili. Mwandishi anayehama kutoka njia moja kwenda nyingine bila kulijua hilo huvunja programu iliyokuwa ikifanya kazi.

La tatu ni desimali, na hili linagawa hata wasemaji wa Kiswahili wenyewe. Katika kanuni za lugha na maeneo ambazo Java huzitumia kama chaguo la msingi tangu toleo la 9 la mwaka 2017, Kiswahili cha Tanzania hutenga desimali kwa nukta na maelfu kwa mkato. Kiswahili cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hufanya kinyume chake. Methodi ya nextDouble hufuata kanuni za eneo lililowekwa katika kompyuta. Maandishi ya “48,500” yatasomwa kuwa elfu arobaini na nane na mia tano kwa mpangilio wa Tanzania, na kuwa arobaini na nane na nusu kwa mpangilio wa Kongo. Tofauti ni mara elfu moja, na hakuna kosa litakaloripotiwa. Hii ni rupia ya 1904 katika sura mpya: tarakimu zilezile, thamani mbili, na kinachoamua hakimo katika mstari.

La nne ni majina yaliyovaa tarakimu. Namba ya simu inayoanza na sifuri ikisomwa kama namba kamili hupoteza sifuri hiyo. Ikiandikwa kwa msimbo wa nchi, 255 kwa Tanzania au 265 kwa Malawi ng’ambo ya Songwe, hufikia tarakimu 12, ilhali aina ya int haivuki 2,147,483,647, yaani tarakimu 10. Namba ya kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Hata aina ya long, ambayo kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807, ina tarakimu 19 tu. Namba ya utambulisho wa Mtanzania, kwa hiyo, haiwezi kusomwa kama namba katika aina yoyote ya msingi ya namba kamili ya Java. Ni neno, na lazima isomwe kama neno.

7.0 Tiba mbili na madai yake

Tiba inayofundishwa zaidi ni kuongeza s.nextLine baada ya kila s.nextInt, ili kuyafagia mabaki. Tiba hiyo hutibu mfano mmoja. Inadai, bila kusema, kwamba baada ya namba hakuna kitu kingine mstarini. Karani akiandika “48 Lusajo Ambakisye Mwakalinga” katika mstari mmoja, kama daftari linavyoandikwa, nextInt itachukua 48 na ufagio utamzoa Lusajo pamoja na mwisho wa mstari. Programu isiyokuwa na ufagio ingemsoma sawasawa, ikibakiza tu nafasi moja mwanzoni mwa jina. Kiraka kilichowekwa kulinda jina ndicho kinachoweza kulifuta.

Tiba ya pili ni kurudi kwenye mstari. Programu husoma kila jibu kwa nextLine peke yake, au kwa BufferedReader, kisha huamua ndani ya kumbukumbu yake mstari huo ni nini:

String mstari = s.nextLine().trim();
int kilo = Integer.parseInt(mstari);

Kwa njia hii mstari wote unakuwa umeshapokewa kabla ya uamuzi wowote. Ugeuzaji ukishindwa, maandishi ya asili bado yapo na yanaweza kuonyeshwa kwa karani ili ayasahihishe. Neno “kilo” na alama ya /= vinaweza kuondolewa kwa makusudi, kwa kanuni iliyoandikwa wazi, badala ya kutegemea mpangilio wa kompyuta. Namba ya simu na ya kitambulisho hubaki kuwa maneno. Hasara yake ni mistari michache zaidi ya programu.

Historia ya Java yenyewe inaelekea upande huo. Klasi ya Console, iliyoletwa na toleo la 6 mwaka 2006, husoma kwa mstari. Toleo la 25, lililotoka Septemba 2025, lilileta klasi ya IO kwa ajili ya wanaoanza. Klasi hiyo ina methodi ya readln inayorudisha mstari kama maneno, na haina methodi yoyote ya kusoma namba moja kwa moja. Mwanafunzi hugeuza mwenyewe. Baada ya miaka 21 tangu Scanner itoke, wanaoanza wamerudishwa kwenye mstari wa mwaka 1997, safari hii bila urefu uliowakera walimu wao.

Huko vijijini mwelekeo huo ulikuwa umeshatangulia kwa njia nyingine. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na kwa wakazi wengi wa maeneo kama Ngana menyu ya simu ndiyo konsoli ya kwanza waliyoitumia kwa mikono yao. Menyu hiyo huuliza swali moja na kupokea jibu moja kabla ya kwenda mbele. Mtu anapoingiza namba ya mpokeaji, mfumo humrudishia jina ili alithibitishe kabla ya kuingiza namba ya siri. Namba hupewa neno lake kabla fedha hazijaondoka. Huo ndio uhusiano ambao daftari la karani liliuhifadhi kwa mstari wake.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba hitilafu ya kusoma namba na maneno kwa pamoja katika Java ni mabaki ya historia ndefu. Kadi iliufanya mstari kuwa kitu cha kushikika, teleprinta ikaufanya kuwa herufi, na Scanner ikawakutanisha msomaji wa tokeni na msomaji wa mstari bila kumwambia mtumiaji nani ameacha nini. Mwanafunzi anayepata jina tupu hajakosa umakini zaidi ya waliomtangulia katika Pascal na C. Amekutana na mpaka ambao haukuwekewa alama.

Kutokana na uchambuzi huu, ufundishaji wa programu kwa Kiswahili unaweza kunufaika kwa kuanza na mstari na kuichelewesha tokeni. Mifano ichukuliwe kutoka kwenye kumbukumbu ambazo wanafunzi wanazijua: daftari la mizani, orodha ya kaya, risiti ya duka. Kumbukumbu hizo zina majina matatu, kilo zinazotajwa kabla ya idadi, bei zenye /= na namba za vitambulisho zisizoingia katika long. Zinamlazimisha mwanafunzi kuuliza mapema swali ambalo mwandishi wa COBOL hakuweza kulikwepa: je, hiki ni kiasi, au ni jina?

Swali hilo lina uzito nje ya darasa. Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilikusanywa kwa vishikwambi, na kumbukumbu za ushirika, ardhi na malipo zinaelekea hukohuko. Kila mfumo wa namna hiyo una mahali fulani ambapo namba inakoma na jina linaanza. Mkulima wa kakao wa Ngana hatapaona mahali hapo, wala hataweza kupakagua. Atakachokiona ni kama jina lake limo kwenye orodha ya malipo au halimo.